Asihesabiwe Kwenye Zamu: Malezi ya Muuguzi Mpya Katika Wodi ya Watoto Wachanga



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie namna muuguzi anavyoanza kazi kwenye chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga. Nitaanza na hesabu ndogo.

Mtoto njiti wa gramu 1,200, siku ya pili tangu azaliwe, ameandikiwa jentamaisini miligramu 3 kwa kila kilo. Jumla ni miligramu 3.6. Kichupa kilichomo kabatini kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo dawa ya mtoto huyu ni mililita 0.09. Haifiki hata namba ya kwanza kwenye sirinji ya mililita moja. Mzoefu haivuti hivyo. Anachukua kichupa chote, anaongeza mililita 6 za maji ya kuchanganyia dawa, kila mililita inabaki na miligramu 10, kisha anavuta 0.36. Sasa mchukue mgeni, saa tisa usiku, wodi imejaa. Akikosea nukta, anavuta 0.9. Hizo ni dozi kumi kwa mkupuo mmoja, za dawa inayodhuru figo na masikio. Hesabu hiyo aliisoma chuoni na mtihani akafaulu. Alichokosa usiku ule ni mtu wa kusimama ubavuni mwake.

Mimi mwenyewe niliripoti kazini Jumatatu asubuhi, katika hospitali nisiyoitaja, na Jumatano jina langu likawa kwenye ratiba ya usiku. Usiku huo kulikuwa na mtoto kwenye sipapu, ile mashine inayosukuma hewa puani huku mrija wa pili ukiishia kwenye chupa ya maji. Maji yakitokota, hewa inamfikia mtoto. Mara yakatulia kimya. Nikaongeza oksijeni, nikakimbilia simu kumwita daktari, nikarudi, mtoto mbavu zinaingia ndani. Mhudumu wa wodi aliyekuwa anapiga deki akaegemeza fagio lake ukutani, akasema taratibu, "Sista, hebu tazama kofia." Kofia ilikuwa imepanda juu ya kichwa na kuvuta mirija nje ya pua. Nikaishusha, nikafunga upya, maji yakatokota.

Mhudumu yule hakuwa na cheti cha uuguzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili humo wodini. Ujuzi ulikuwepo chumbani, ila hapakuwa na aliyepangiwa kunipa.

Wenzetu wa Marekani waliligeuza jambo hili kuwa mpango wenye muda na wasimamizi. Wanauita rezidensi ya uuguzi. Mpango mmoja wa aina hiyo ulianza mwaka 2002, ukiendeshwa na hospitali za vyuo vikuu pamoja na jumuiya ya vyuo vya uuguzi, na huchukua mwaka mzima. Katika wodi za watoto wachanga, muuguzi mpya hukabidhiwa kwa mlezi mmoja. Zamu ya mlezi ndiyo zamu yake. Huanza na watoto wanaokua na kujifunza kunyonya, ndipo asogezwe polepole kwa walio kwenye mashine za kupumulia. Mara moja kwa mwezi hivi hukaa na wageni wenzake wakasimuliana yaliyowatisha. Najua mtasema wale wana fedha, na ni kweli: sheria ya jimbo la California inataka muuguzi mmoja asizidishe watoto wawili katika chumba cha namna hiyo. Hilo hatuliwezi kesho. Linalowezekana ni lile la kumpa mgeni mlezi, na kutomhesabu kama mtu kamili wa zamu mpaka aive.

Sisi Tanzania tuna utarajali wa mwaka mmoja kwa wahitimu wa shahada. Ni mwaka mzuri, lakini ni wa kuzunguka wodi zote, na kwa watoto wachanga mtu hupita tu. Wenye stashahada na astashahada, ambao ndio mikono mingi ya wodi zetu, huingia moja kwa moja kazini.

Tazameni matokeo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, watoto 67 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Ni hatua kubwa. Lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 vikafika 24 tu, na lengo la dunia ni visizidi 12 ifikapo 2030. Chanjo na vyandarua pekee havimwokoi njiti wa siku mbili. Kwake kila kitu ni jicho na mkono wa aliye karibu.

Ningeulizwa mgeni aanzie wapi, ningesema chumba cha kangaruu, ambako mtoto hukaa kifuani mwa mama, wala si kwenye mashine. Huduma hii ilizaliwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa uhaba wa inkubeta. Utafiti uliotolewa 2021, uliofanyika nchi tano Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba njiti wakianza kukaa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vya siku 28 hushuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Pale mgeni atajifunza kumpimia mtoto maziwa mililita 12 kila baada ya saa tatu, na kumjua anayesahau kupumua kabla hajabadilika rangi. Mama aliyemkumbatia mwanawe usiku kucha atamfundisha mengi, akiwa na adabu ya kumsikiliza.

Mfawidhi ataniambia, "Sista, nina wawili kwa zamu, unataka mmoja nisimhesabu?" Ndiyo, dada yangu, kwa wiki sita. Ukimhesabu leo umejidanganya kwa karatasi, maana kazi yake itafanywa na yule mzoefu, tena kwa kukimbia. Na akishaiva, msimhamishe. Hapa sitazunguka maneno: tunamlea mtu miezi minane, anajua kufunga sipapu gizani, kisha anapelekwa wodi ya upasuaji kuziba pengo na tunaanza na mgeni mwingine. Muuguzi wa watoto wachanga si kiraka.

Naomba kila mfawidhi aliyemo humu, akirudi kituoni, afungue ratiba ya mwezi ujao na kuandika jina la mgeni na la mlezi wake kwenye mstari mmoja.