Wasomi Wakisema, Tuwasikilize
(Hotuba kwa wanachama wa Holili)



Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba mwalimu wa Chuo Kikuu akiipinga serikali hadharani katika mambo ya uchumi, huyo ni msaliti. Sisi twakataa.

Mwaka 1984 wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ibrahim Lipumba akiwa mmoja wao, walisema wazi kwamba shilingi yetu ilipewa thamani isiyokuwa nayo. Neno hilo lilikuwa chungu, maana Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa likidai hilo hilo, na serikali ikilikataa. Lakini wazee wa mpakani hawakuhitaji kufundishwa. Kahawa na mahindi vilivuka usiku kwenda Kenya. Sabuni na sukari zikarudi. Mwaka 1983 ulipigwa msako mkubwa wa walanguzi, nchi nzima. Shilingi haikupona.

Mwaka 1986 serikali ikapatana na Shirika hilo, na dola ikapanda kutoka shilingi 17 hadi 40. Bidhaa zikaonekana madukani. Baadaye wazazi wakaanza kuchangia shule na hospitali, na hapo ndipo wasomi wengine, kama Issa Shivji, walipozidi kuuliza: mageuzi haya ni ya nani?

Lawama yetu kwao ni moja. Wengi husema Kiingereza, tena kumbini Mlimani. Waje hapa siku ya soko, waulizwe na mama anayevusha ndizi kwenda Taveta. Nasi tuwape kiti, wala asiwepo wa kuwazomea.