Namna ya Kutambua Utupa na Marejea



Kando ya mashamba yetu huota mimea miwili ya jamaa ya maharagwe: utupa na marejea. Ikiwa bado michanga, mtu mwenye haraka huikosea. Basi shika kikonyo kimoja, uhesabu.

Utupa: majani madogo mengi, mawili mawili, na moja kwenye ncha. Yana manyoya laini. Maua ni meupe au ya zambarau. Ganda ni bapa, lina manyoya kama blanketi.

Marejea: majani madogo matatu tu. Maua ni ya manjano. Ganda limevimba, likikauka, mbegu hulia ndani kama kayamba.

Lupini ya Ulaya ni jamaa yao pia, lakini majani yake hutanuka kama vidole vya mkono.

Msichana mmoja wa kwetu alileta kikapu cha mboga. Mama yake akapapasa, akakuta manyoya. Akahesabu, akatupa yote. Usiku ule sufuria ililala tupu, lakini watoto waliamka wazima. Utupa ndio ule unaopondwa na kutiwa mtoni kuua samaki.

Tena msiseme, “Majani ni matatu, basi ni mboga.” Marejea ni ya namna nyingi: mengine huliwa, mengine huharibu maini ya mifugo. Kuleni yale tu mliyopanda kwa mbegu mnayoijua.

Hesabu kwanza, ndipo uchume.