Findo Moja Kubwa Kuliko Jingine: Je, Niogope?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari katika kipindi cha afya)

Vijana wenzangu, mambo? Nimesikia "poa" kadhaa zimetoka kwa kukwaruza, kwa hiyo mada ya leo imewakuta wenyewe.

Kwenye sanduku la maswali ya siri kulikuwa na kikaratasi kinachosema hivi: "Dada, nikijitazama kwenye kioo naona findo langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Koo linanikera, huu mwezi wa pili. Bibi anasema nikakatwe kimeo. Rafiki yangu anasema ni kansa. Nifanyeje?" Mwenye kikaratasi simjui, na wala msianze kumtafuta! Swali lake ni la wengi, basi tulijibu pamoja.

Kwanza tujue tunachokitazama. Simama mbele ya kioo penye mwanga, panua mdomo, sema "aaa". Kile kinyama kinachoning'inia katikati ndicho kimeo. Pembeni, kulia na kushoto, kuna vinundu viwili vya nyama. Hayo ndiyo mafindo, wengine huyaita tonsili. Kazi yake ni ulinzi. Wadudu wa magonjwa wakipitia mdomoni, mafindo huwatambua na kuusaidia mwili kutengeneza kinga. Yakishambuliwa huvimba na kuuma, ndipo tunasema mtu ana mafindofindo.

Je, lazima yalingane? Hapana. Watu wengi wenye afya nzuri kabisa wana findo moja linaloonekana kubwa kuliko jingine. Mara nyingine hata si kubwa, ila limekaa nje zaidi, na mwenzake amejificha ndani. Kama limekuwa hivyo siku zote, halikui, na wewe huna tatizo lingine, usikose usingizi.

"Lakini Dada, koo linakera!" Haya, tuone sababu. Koo nyingi zinazouma zinatokana na virusi, kama wale wa mafua. Hizo hupona zenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja, na antibiotiki hazisaidii kitu. Zikizidi hapo, kuna mengine: kamasi zinazoshuka nyuma ya koo kwa mwenye aleji, moshi wa kuni au wa sigara, au tindikali inayopanda kutoka tumboni kwa mtu anayeshiba usiku halafu analala papo hapo. Wengine wana vijiwe vidogo vyeupe vinavyonasa kwenye vishimo vya mafindo na kufanya mdomo unuke. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji wembe.

Hapo tumfikie bibi, kwa heshima zote. Sehemu nyingi za Tanzania watu huamini kwamba kimeo kirefu ndicho kinacholeta kikohozi na koo lisilopona. Lakini tumeshaona kwenye kioo: kimeo ni kitu kingine na findo ni kitu kingine. Ukikata kimeo, findo litabaki vile vile. Utakachoweza kupata ni kutoka damu nyingi, kidonda kuoza, pepopunda, na hata virusi vya UKIMWI kama kisu kimetumika kwa mtu mwingine. Usigombane na bibi. Mwambie, "Bibi, naomba twende kwanza zahanati wanitazame." Akienda naye, atasikia mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili wengi hawalijui. Koo linaweza kuharibu moyo. Kuna bakteria anayeitwa streptokokasi, anayewapata zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 15. Koo huuma ghafla, homa inapanda, tezi za shingo zinauma, mafindo yanaweza kuwa na usaha, na mara nyingi kikohozi hakuna. Asipotibiwa, baadhi ya watu wiki 2 hadi 3 baadaye hupata homa ya baridi yabisi. Viungo kama magoti huvimba na kuuma, na vali za moyo zinaweza kuharibika maisha yote. Wakati huo koo lilishapona na mtu kalisahau!

Kinga yake ipo, na ni penisilini, ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma. Ni vidonge vya siku 10 au sindano moja, kadiri mganga atakavyoamua. Siku ya tatu utajisikia poa, lakini usiache. Na ile tabia ya kununua kapsuli nne za rangi mbili dukani, tuiache jamani. Pengine koo lako ni la virusi, umetupa hela. Pengine ni la bakteria, umempa dozi isiyomtosha na unamzoesha dawa.

Je, wakati gani usisubiri? Nenda hospitali leo hii kama unapumua kwa shida, huwezi kufungua mdomo vizuri, mate yanadondoka, au sauti imekuwa kama ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Huenda kuna jipu pembeni ya findo.

Nenda wiki hii kama koo linakera zaidi ya wiki 3, findo moja linazidi kukua, sikio la upande mmoja linauma, mate yana damu, au kuna uvimbe shingoni usioondoka hata kama hauumi. Vilevile kama unakonda bila sababu au unatoka jasho jingi usiku. Kansa ya findo kwa vijana ni nadra, lakini ipo, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Ukiona utando mweupe mdomoni usioisha, uliza pia kuhusu kupima VVU. Dawa zipo.

Kwa hiyo wewe wa kikaratasi, sisemi una kansa. Ila miezi miwili ni mingi. Nenda ukatazamwe. Waambie ni upande gani, tangu lini, na kama findo linakua au limebaki vile vile. Ikibidi watakupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwenda kwa daktari si lazima kuishie kwenye upasuaji. Kwa mafindofindo ya kujirudia, madaktari hufikiria kuyatoa kama umeugua angalau mara 7 kwa mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Findo linaloendelea kukua lina sababu zake tofauti, hilo daktari atakueleza.

Wakati unasubiri, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, teme. Kunywa maji ya kutosha. Maumivu yakizidi, parasetamo inatosha. Kikombe na mswaki, kila mtu na chake.

Haya, nani ana swali? Anayeona haya, sanduku lipo pale mlangoni.