Kalibu moja, bloki nyingi: maneno tuliyowaambia wanachama juu ya programu ya michango



Mlituomba tueleze kazi ya ordinateri, na zaidi ju ya nini ilikawia. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Mama mmoja wetu, muuza makala ya kupikia, aliomba mkopo. Tukafungua jina lake: mchango 10. Franka kumi! Hapa Goma hata bonbon haupati. Akatoa karne yake, imeandikwa kwa bike: 10.000. "Miye nilileta elfu kumi, sasa munaninyima juu ya nini?"

Alikuwa na haki. Karani aliandika namna tulivyofundishwa masomoni, nukta ikitenganisha maelfu. Lakini JavaScript, lugha inayoendesha kurasa zetu, inaichukua ile nukta kuwa ya desimali, na 10.000 kwake ni kumi tu. Haikulalamika. Ukiweka nafasi katikati, 10 000, hapo inakataa kwamba hiyo si hesabu. Afadhali inayokataa kuliko inayokubali na kudanganya.

Tunatumia Salesforce, jukwaa la biashara lililo kwenye wingu, maana yake vitabu vyetu haviko tena ndani ya sanduku la biro. Mnakumbuka Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache kisha tukaambiwa tutoke mjini: nani alibeba vitabu? Wengi wetu tulirudi bila karatasi hata moja. Na tangu benki zifungwe hapa mwisho wa Januari 2025, franka zinapita mikononi na kwenye simu. Maandishi yetu ndiyo ushuhuda unaobaki.

Kurasa tunazijenga na vipande vinavyoitwa Lightning Web Components, ambavyo Salesforce ilivitoa mwaka 2019. Kipande ni kama kalibu ya bloki: unaitengeneza mara moja, unafyatulia nyumba nzima. Kipande chetu cha kuandika kiasi kinatumika mahali patatu: mchango, mkopo, na msaada wa matanga. Mbele tulikuwa na nakala mbili, ya franka na ya dola, na ukitengeneza moja unasahau ingine. Sasa ni kimoja. Ukurasa unakiambia ni sarafu gani, nacho kinarudisha kiasi. Hakijui kama kiko kwenye mkopo ao kwenye matanga, wala hakina haja ya kujua.

Lakini kalibu ikipinda, bloki zote zinapinda. Lile kosa la nukta halikuwa kwa yule mama peke yake.

Ndipo wiki tatu zilikwenda. Tulitumia Jest, programu ya kupimia vipande. Inafanya kazi ndani ya mashine yetu, bila intaneti, bila kugusa jina la mwanachama hata mmoja. Umeme ukirudi saa nane ya usiku, tunapima. Kwanza tuliandika jaribio la 10.000, tukaliona linaanguka. Kisha tukatengeneza kipande. Kwa franka, nukta, koma na nafasi kati ya maelfu zinaondolewa. Kwa dola, 10.000 ina maana mbili, basi kipande kinasimama na kumuuliza karani. Na chini yake kinaandika kwa maneno, "elfu kumi", ili karani amsomee mlipaji mbele ya kuhifadhi.

Siku moja jaribio lilipita kwa sababu mbaya: lilikuta hesabu iliyoachwa na jaribio la mbele yake. Tangu hapo kila jaribio likiisha linafagia ukurasa.

Mfadhili mmoja alituuliza, jukwaa lenyewe linataka nini? Msimbo wa Apex, ule unaofanya kazi nyuma kwenye seva, hauingii kwenye kazi halisi kama majaribio hayakugusa angalau 75% yake. Vipande vya mbele, vile karani anavyovigusa, havina sharti hilo. Tungeweza kuviacha bila kupima na hakuna mtu angetuzuia. Kosa letu lilikuwa palepale. Kwa hiyo tunaomba saa za kupima zibaki ndani ya bajeti, hata zikionekana kama kazi isiyoleta ukurasa mpya.

Jest nayo ina mwisho wake. Haichori ukurasa wa kweli. Majaribio yote yalipita, lakini kwenye simu ndogo ya karani kibodi ilifunika kitufe cha kuhifadhi. Hiyo tuliiona kwa macho, sokoni, juani.

Kipande sasa kimepona, na yule mama amepata mkopo wake. Maandishi ya zamani hayajitengenezi: programu haijui mtu alilipa ngapi, karne yake ndiyo inajua. Kila jina lenye mchango chini ya franka 100 tumeliweka kwenye orodha iliyo mlangoni. Mje na karne. Mwenye karne yake ilipotea njiani, aje na ujumbe wa simu ao na shahidi wa kikundi chake.