Mpira Unaomchosha Mmoja na Kumkosesha Mwingine Usingizi
(Mazungumzo ya walimu mbele ya wakazi wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, Rusizi)



Kamati imetuomba sisi walimu tuzungumze kidogo kuhusu michezo kabla ya fainali ya jioni. Tungeweza kusema, kama inavyosemwa kila mwaka, kwamba michezo hujenga afya na undugu, kisha tukaketi. Lakini hivi karibuni kulitokea jambo darasani ambalo limetufanya tubadili mazungumzo.

Tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita insha yenye kichwa "Mchezo ninaoupenda". Wavulana karibu wote waliandika juu ya mpira wa miguu. Msichana mmoja aliandika mistari miwili tu: "Mimi sipendi mpira. Watu wengi wanakimbia muda mrefu na hakuna kinachotokea." Iliposomwa, darasa zima lilicheka, na mvulana mmoja akasema huyu haelewi sheria za mchezo. Msichana akajibu: "Naelewa sana. Kaka zangu wanne wananieleza kila siku. Ndiyo maana nimechoka."

Jibu hilo tulilipeleka katika chumba cha walimu, na sisi wenyewe tukagawanyika. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Haya tunayoyasema leo ni matunda ya ubishi ule, na msishangae mkisikia kwamba hatukukubaliana kwa yote.

Tuanze na upande wa msichana, kwa sababu upande huo ndio husikilizwa mara chache. Anayesema mpira unachosha hasemi uongo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia, michezo 52 ilitoa mabao 115, yaani mabao mawili na kidogo kwa mchezo mmoja. Hakuna Kombe la Dunia lililokuwa na wastani mdogo kuliko huo. Fainali yenyewe, Ujerumani Magharibi na Argentina, iliamuliwa kwa penalti moja zikiwa zimebaki dakika chache. Timu iliyokuwa ikiongoza iliweza kumrudishia kipa mpira, kipa akaudaka, akaurusha kwa beki, beki akamrudishia tena, na watu maelfu wameketi wanatazama. Hata wakuu wa mchezo waliona hali hiyo haifai. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa: kipa asidake kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Kwa hiyo, vijana, mkimwambia mtu kwamba anachoka kwa sababu hajui mpira, kumbukeni kwamba hata watunga sheria wa mpira waliwahi kuchoka.

Mzee mmoja wa hapa kambini alitupa sababu nyingine ambayo hatukuitegemea. Tulimuuliza kwa nini haji uwanjani hata siku ya fainali. Akasema: "Walimu, mimi nangoja mgao, nangoja kadi, nangoja majibu ya ofisi. Nikipata saa moja ya kwangu, sitaki kwenda kungoja tena bao." Hatukuwa na la kumjibu. Lakini jirani yake, aliyekuwa ameketi palepale akishona kiatu, alisema kinyume chake kabisa: "Mimi naenda kwa sababu uwanjani kungoja kuna mwisho. Dakika ya 90 refa anapiga filimbi, nami najua nimepata au nimekosa."

Sasa wale wapenzi. Wanapenda nini hasa? Sisi tunaona kwamba wanapenda kitu kilekile kinachowachosha wenzao, yaani uchache wa mabao. Katika mpira wa kikapu timu huweza kupata pointi 80 katika mchezo mmoja. Aliye bora hupewa nafasi nyingi za kuonyesha ubora wake, na mara nyingi mwishowe anashinda. Katika kandanda bao moja laweza kutosha, na mnyonge aweza kulipata. Tarehe 8 Juni 1990, katika Kombe lilelile tulilosema lilikuwa kavu, Kamerun ilicheza na Argentina iliyokuwa bingwa wa dunia. Omam-Biyik akafunga kwa kichwa. Wakamerun wawili wakatolewa kwa kadi nyekundu, wakabaki tisa, na bado mchezo ukaisha 1-0. Laiti mchezo ule ungekuwa wa pointi 80, watu tisa wasingeweza kuwazuia mabingwa wa dunia.

Wengi wetu walimu hatukuwa tumezaliwa, au tulikuwa mgongoni. Lakini wazazi wetu kule Bukavu na Uvira walitusimulia juu ya Roger Milla, mzee wa miaka 38 aliyefunga mabao manne na kwenda kucheza ngoma kwenye kibendera cha kona, mpaka tukadhani tulimwona. Kamerun ilifika robo fainali na kufungwa na Uingereza 3-2 katika muda wa nyongeza. Basi Kombe ambalo vitabu vya hesabu vinasema lilikuwa na mabao machache kuliko yote, nyumbani kwetu ndilo lililosimuliwa kuliko yote. Aliyekuwa na mtu wake uwanjani hakuchoka.

Na mabao mengi je, yanatosha kuleta raha? Hapa inabidi tuseme habari ya Zaire ya mwaka 1974, ingawa wazee hawapendi kuikumbuka. Mwezi Machi mwaka huo Zaire ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Kwa mashindano yote alifunga mabao tisa, na hadi leo hakuna aliyefikia idadi hiyo katika Kombe moja la Afrika. Miezi mitatu baadaye timu hiyohiyo ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Ilifungwa na Scotland 2-0. Kisha ikaja Yugoslavia: mabao tisa kwa bila. Katika mchezo ule Mwepu Ilunga alimpiga teke refa, lakini refa akakosea mtu, akamtoa Ndaye. Mtu aliyeifungia nchi yake mabao tisa alitazama akiwa nje ya uwanja nchi yake ikifungwa tisa. Anayetaka mabao, hayo hapo! Lakini hatujapata kusikia Mkongomani aliyesimulia mchezo ule kwa furaha.

Tunamtaja Ndaye leo kwa sababu nyingine pia, inayohusu siku hii. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima na wakuu wa mpira wa Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na fedha, wakampiga risasi mguuni. Baadaye alikimbilia Afrika Kusini, akaishi kama mkimbizi katika mitaa ya maskini ya Cape Town. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwomboleza, kwa kuwa ilikuwa imetangazwa kwamba amekufa. Kumbe alikuwa hai! Aliishi miaka mingine zaidi ya 20, akafariki Januari 2019. Ndugu zetu wa mashirika, mnapoandika majina yetu katika orodha zenu, huenda katika mstari mmojawapo yumo mtu ambaye uwanja mzima ulipata kusimama kwa ajili yake.

Tuje karibu zaidi. Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa mwaka 2024 wengi wenu mnalikumbuka. Kongo ilitoka sare na Zambia 1-1, sare na Moroko 1-1, kisha suluhu na Tanzania bila hata bao moja. Ikafuata Misri: tena 1-1, mpaka penalti, nyingi sana, 8-7, na ya mwisho akaipiga kipa wetu Mpasi mwenyewe. Baadaye ikaifunga Guinea 3-1. Hebu hesabuni pamoja nasi: katika michezo saba ya Kombe lile, Kongo ilishinda mmoja tu ndani ya dakika 90. Msichana wetu wa darasa la sita angesema, "Si nilisema?" Na kwa karatasi ana haki. Hata hivyo usiku ule wa Misri hakuna aliyelala.

Kisha nusu fainali, tarehe 7 Februari, na wenyeji. Kongo ilifungwa 1-0. Bao lenyewe wengi wetu hatulikumbuki vizuri. Tunachokumbuka ni kabla ya filimbi. Wakati wimbo wa taifa unaimbwa, wachezaji walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa mithili ya bunduki, kuwakumbusha walimwengu kwamba mashariki watu wanakufa na dunia imenyamaza. Mtu wa nchi ya mbali aliyewasha televisheni ili aone mabao aliona mchezo wenye bao moja, akaenda kulala. Mama mmoja wa hapa, ambaye hajui hata kuotea ni nini, alituambia kwamba ule ndio mchezo pekee aliowahi kuutazama mpaka mwisho.

Kuna kundi lingine ambalo lazima tulitaje kwa heshima, hasa mbele ya wenyeji wetu wa Rusizi, mji ambao wazee bado wanauita Cyangugu. Wengine hawachoshwi na mchezo, bali uwanja ndio unaowalemea. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja wa mpira wa Kamarampaka, na wengi walitolewa humo kwenda kuuawa. Uwanja ule bado unachezewa, na watoto wanashangilia pale. Ni vizuri iwe hivyo. Lakini jirani wa mjini akikuambia yeye haendi uwanjani, usimwulize mara mbili.

Sasa tuseme lililotuleta. Kambi yetu iko mlimani, na mahali palipo tambarare ni pamoja tu. Kwa desturi pale ni pa mpira wa miguu toka saa tisa hadi giza, siku zote saba. Hakuna aliyeamua hivyo, imekuwa tu. Mpira una sababu nzuri ya kushinda: unahitaji kitu kimoja cha duara, hata kikiwa cha matambara na kamba za mgomba, na watu 22 waweza kucheza bila kuelewana lugha. Tumewaona Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge, Washi na Warundi wakicheza pale pamoja. Hilo tunalipenda, na katika chumba cha walimu waliolitetea walikuwa wengi.

Lakini mwaka jana kulikuwa na milingoti miwili ya voliboli pembeni ya uwanja ule. Iliyumba kidogo. Siku moja tukakuta imeng'olewa, imekuwa milingoti ya goli. Wasichana waliokuwa wakicheza pale walirudi majumbani, na toka siku ile huwaona wakipita na madumu ya maji, wakisimama kidogo kutazama, wakiendelea. Tukiwauliza wanasema mpira unachosha. Sisi tungesemaje kama tungekuwa wao?

Wapo pia wale waliopoteza mguu katika vita. Hao kwao mpira wa miguu ni wa kutazama tu, hata kama wanaupenda kutushinda. Nchi hii iliyotupokea ina jambo la kutufundisha hapo. Timu ya wanawake wa Rwanda ya voliboli ya kuketi ilikwenda katika michezo ya Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kusini ya Sahara katika mchezo huo, na ikashiriki tena Tokyo na Paris. Mchezo huo huchezwa kwa kuketi chini. Uwanja wake ni mita 10 kwa 6 tu, na wavu wa wanawake unafika mita 1.05 kutoka chini. Tumepima nyuma ya darasa la nne: nafasi inatosha, endapo wenye mbuzi watakubali kuwafunga upande wa pili.

Na wapenzi wa baiskeli tusiwasahau. Mwaka 2020 hatua moja ya Tour du Rwanda, iliyoanzia Huye, ilimalizikia hapa Rusizi. Mtu anangoja kandokando ya barabara saa nzima, waendeshaji wanapita kama upepo, kwisha. Mbele ya hilo dakika 90 za mpira ni karamu, lakini wapo wanaolipenda, na sisi hatuwacheki.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tumeandika ombi na tunalikabidhi kwako mbele ya wote. Jumanne na Alhamisi, toka saa tisa hadi saa kumi na moja, uwanja uwe wa wasichana, wacheze wanachochagua wao, hata kama ni kuruka kamba. Milingoti miwili ya voliboli irudishwe. Fundi seremala wa kambi amekubali kuitengeneza iwapo atapatiwa misumari na mbao. Nyuma ya darasa la nne pasafishwe kwa ajili ya voliboli ya kuketi. Siku nyingine zote zibaki za mpira wa miguu kama zilivyo.

Vijana wa timu zote mbili tumeongea nao. Timu moja imekubali, nyingine imesema itajibu baada ya fainali. Msichana aliyeandika insha ile ameombwa leo aandike mabao ubaoni, kwa kuwa ana mwandiko mzuri kuliko kaka zake. Amekubali, ila ameuliza kama anaweza kuja na kitabu cha kusoma wakati anangoja.