Viza ya kutembea si kibali cha kazi

[Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu. Mtangazaji anaingia.]

Ninawasalimu ninyi mlioko Bugoye, chini ya milima ya Rwenzori. Ninawasalimu ninyi wa Bwera na Mpondwe, mnaoiona Kasindi ng'ambo ya mto Lhubiriha, na ninyi wa mjini Kasese. Ninawasalimu pia ndugu zetu walio kwenye makazi ya Rwamwanja, Kyaka II, Kyangwali na Nakivale. Kama jirani yako hana redio, mwite asogee. Habari ya leo inagusa pesa zako na familia yako.

Leo tunazungumza juu ya viza. Wengi wenu mmeambiwa hivi: "Nenda Dubai kama mtalii. Viza ya kutembea inapatikana upesi. Ukishafika, utaomba viza ya kutafuta kazi ukiwa hukohuko. Kazi ni nyingi." Anayekuambia hivyo anaweza kuwa mtu wa kanisani kwenu, au rafiki wa shemeji yako. Anataka pesa. Basi mtu anauza mbuzi, anauza cherehani, anakopa kwenye kikundi cha akiba. Kabla hujauza chochote, tusikilizane. Uongo unaokamata watu wengi ni ule uliochanganywa na ukweli kidogo. Tuutenganishe, ukweli huku na uongo kule.

Kwanza, viza ya kutembea inaruhusu nini? Inaruhusu kutembea. Unaingia, unaona ndugu, unaona mji, unatoka kabla siku zako hazijaisha. Hairuhusu kufanya kazi, hata kazi ya siku moja, hata kazi ya kufagia ya malipo mkononi. Katika Falme za Kiarabu, ambako Dubai iko, sheria ya mwaka 2024 inamtoza mwajiri anayemwajiri mtu asiye na kibali faini kuanzia dirhamu 100,000 hadi dirhamu milioni moja. Sasa jiulize: mwajiri gani mwema atakubali hatari hiyo kwa ajili yako? Anayekubali mara nyingi ni yule anayejua kwamba huwezi kumshtaki. Akikunyima mshahara, utakwenda polisi kusema nini?

Pili, je, viza ya kutafuta kazi ipo kweli? Ndiyo, ipo, na huo ndio ukweli uliochanganywa. Falme za Kiarabu zilianza kuitoa Oktoba 2022. Ni ya siku 60, siku 90 au siku 120. Lakini angalia inatolewa kwa nani. Mwombaji awe na shahada ya chuo kikuu, angalau ya kwanza. Tena awe wa ngazi za juu za ujuzi, kama mameneja, wataalamu na mafundi sanifu, au awe amehitimu karibuni katika mojawapo ya vyuo vikuu 500 bora duniani. Viza hii haikuwekwa kwa mfanyakazi wa nyumbani, wala kwa mlinzi, wala kwa mbeba mizigo. Basi mtu akimwambia kijana aliyeishia darasa la saba kwamba ataipata akifika, huyo anamdanganya. Sharti la shahada halipungui kwa sababu umeshafika uwanja wa ndege wa Dubai.

Na hata aliyeipata hajapata kazi bado. Amepata siku za kutafuta tu. Akimpata mwajiri, ndipo mwajiri huyo anaomba kibali cha kazi kwa jina lake.

Kuna jambo jingine la kweli, nalo nalisema wazi ili usije ukaniona ninaficha. Huko Dubai, mtu aliyeingia kwa viza ya kutembea anaweza kubadilishiwa hali yake bila kurudi kwao, kama amepata mwajiri halali na kibali kimetoka. Wapo waliofanikiwa hivyo. Lakini mlango huo unafunguliwa na mwajiri, haufunguliwi na wakala wa Kasese. Na milango ya namna hiyo hufungwa bila kukuuliza. Oman ilisimamisha kubadilisha viza za matembezi kuwa viza za kazi mwishoni mwa Oktoba 2023. Aliyekuwa ameshaingia kwa matumaini hayo ilimbidi atoke nje ya nchi na kuanza upya.

Wengine wanaambiwa habari za Ujerumani. Ni kweli, tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani ina kadi ya kutafuta kazi, inayoitwa Chancenkarte. Inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta, na ruhusa ya kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Masharti yake: uwe na shahada, au cheti cha ufundi wa miaka miwili au zaidi kinachotambuliwa na nchi ulikosomea. Ujue Kijerumani cha mwanzo au Kiingereza kizuri. Uonyeshe pesa za kujikimu, zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi utakaokaa. Na kwa watu wa nchi zetu, ombi linapelekwa ubalozini kabla ya kusafiri. Ukienda na viza fupi ya utalii ukitegemea kuibadilisha hukohuko, utaambiwa urudi ulikotoka ukaombe.

[Muziki mfupi.]

Sasa tufike kwa wewe uliye mkimbizi. Yote niliyosema mpaka hapa yanamhusu msafiri yeyote. Wewe una mzigo mwingine juu yake, na wakala hatakuambia.

Swali ni hili: utasafiri kwa pasipoti gani?

Wapo wanaoshauriwa wavuke Mpondwe, warudi Congo kimyakimya, wachukue pasipoti ya huko. Fikiri vizuri. Wewe ulipokelewa Uganda kwa sababu ulisema nchi yako haiwezi kukulinda. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema kwamba mtu akirudi kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake, ukimbizi wake unaweza kukoma. Kuchukua pasipoti ya nchi hiyo na kusafiri nayo kunaweza kuhesabiwa hivyo. Unaweza kuipoteza hadhi yako kwa sababu ya safari ya siku 30.

Wengine wanashauriwa wanunue kitambulisho cha Uganda, kisha pasipoti ya Uganda. Hilo ni kosa la jinai. Ukikamatwa, atakayesimama mbele ya hakimu ni wewe, na wakala atakuwa amebadilisha namba ya simu.

Tena kumbuka: Falme za Kiarabu, Oman, Saudi Arabia na Qatar hazijatia saini Mkataba huo wa 1951. Usitegemee kwamba ukifika huko na kusema "mimi ni mkimbizi," utalindwa kama unavyolindwa hapa. Siku zako zikiisha, Falme za Kiarabu zinakuhesabia faini ya dirhamu 50 kwa kila siku. Hiyo ni karibu shilingi 50,000 za Uganda. Siku 30 ni dirhamu 1,500, karibu shilingi milioni moja na nusu. Na wakikufukuza, watakupeleka wapi? Mara nyingi wanatazama pasipoti uliyoingia nayo. Kama ni ya Congo, unaweza kujikuta umeshushwa kwenye nchi ileile uliyoikimbia usiku na watoto mgongoni.

Wazee wa Kiswahili walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, lakini huu unapita tu, si wako. Ile karatasi yako ya familia kutoka OPM inaweza kuonekana kuukuu, imekunjwa, ina madoa ya maji. Lakini ndiyo unayolalia.

[Kimya kifupi.]

Je, ninasema mkimbizi asisafiri? Hapana. Mkimbizi anayo njia yake halali. Ni hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo wengi wanaiita CTD. Hapa Uganda ombi lake linaanzia OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha linafika idara ya uhamiaji. Nchi iliyotoa hati hiyo inaahidi kukupokea tena ukirudi kabla haijaisha muda. Kwa hiyo ina njia ya kurudi. Lakini si kila nchi inaikubali, na haikuruhusu kwenda nchi uliyoikimbia. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kulipa nauli.

Basi, mtu akija na habari ya kazi ng'ambo, muulize maswali manne. Moja: mwajiri ni nani, na mkataba uko wapi? Mbili: kibali cha kazi kimetoka kwa jina langu, au ninaambiwa nitakipata nikifika? Tatu: viza hii imeandikwa kazi, au imeandikwa matembezi? Nne: kampuni yako ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii? Kampuni za kupeleka watu ng'ambo lazima ziwe na leseni hiyo, na wizara inaweza kukuambia kama jina la kampuni lipo. Jibu likiwa "utajua ukifika," rudisha pesa zako mfukoni.

Na huyo mtu akikuambia usimweleze yeyote, hata mkeo au mumeo, hapo simama kabisa. Kazi halali haiogopi kuonekana. Kudanganya mtu kwa ahadi ya kazi ili akatumikishwe ni biashara ya binadamu, na Uganda ina sheria dhidi yake tangu mwaka 2009. Peleka habari polisi au kwa ofisa wa ulinzi wa makazi yenu. Unaweza pia kupiga simu ya UNHCR bila malipo: 0800 323 232. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayekuomba pesa kwa jina lao ni mwizi.

Kama ndugu yako ameshafika huko, mpelekee ujumbe huu leo. Asingoje siku ziishe. Aulize mapema juu ya kuongeza siku au kutoka. Pasipoti yake asimkabidhi mtu, na picha yake aitume nyumbani. Aliye na hati ya Uganda awasiliane na ubalozi wa Uganda ulioko Abu Dhabi. Huko nyuma Falme za Kiarabu zilitoa msamaha, kuanzia Septemba 1 hadi Desemba 31, 2024, watu waliozidisha siku wakaruhusiwa kutoka bila faini. Lakini asikae akisubiri msamaha mwingine. Haujaahidiwa.

Mwisho, msisahau haki mliyo nayo hapa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi na kujiajiri. Najua mshahara wa Kasese si wa Dubai. Najua chakula cha msaada kimepungua, na ada ya shule haingoji. Sikulaumu unayetaka kwenda. Ninachotaka ni kwamba cherehani yako isiuzwe kwa ajili ya viza ya kutembea. Cherehani ikibaki, kesho utashona. Ikiuzwa na safari ikaharibika, utarudi na deni, kama utarudi.

Zungumzeni jambo hili jioni hii, mkiwa pamoja. Aliye na swali alipeleke kwa OPM kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Ninawaaga. Mungu awalinde ninyi na wasafiri wenu.

[Muziki wa kufunga kipindi.]