Sindano Ndani ya Mfuko wa Taka: Aliyeumia Kazini Hospitalini Aende Wapi?

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Karatina. Wengi walituomba tuyaandike, kwa sababu siku ile mvua ilinyesha juu ya mabati na walioketi nyuma hawakusikia vizuri.

Tumepewa nafasi kabla ya chai, na tunajua chai ikifika hakuna atakayetusikiliza. Kwa hivyo tuingie kazini.

Mnaweza kuuliza, sisi watu wa mbuzi wa maziwa na michango ya kila mwezi tunahusika vipi na usalama wa hospitali? Hebu kila kikundi kiangalie daftari lake. Ni nani hapa asiye na binti, mpwa au jirani anayefanya kazi hospitalini? Mjini Nyeri kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH. Kuna Mathari, Tumutumu, Karatina, Mukurwe-ini, Othaya. Ukizunguka mlima kuna Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chogoria, Nkubu. Na si madaktari na wauguzi tu wanaoingia humo asubuhi. Kuna anayepiga deki, anayefua shuka zenye damu, anayepika, anayesukuma machela, anayelinda lango, anayeosha maiti, na yule kijana anayechoma taka kule nyuma ambako hakuna mgeni anayepelekwa. Hawa ndio watu wetu. Wakiumia, hurudi nyumbani kwetu, na bili huja kwenye kikundi.

Sasa tuwaambie la mama mmoja wa kikundi tunachokitembelea. Jina lake tunaliacha, na la hospitali pia. Alikuwa kibarua wa kampuni ya usafi, akilipwa kwa siku. Jumamosi moja alibeba mfuko mweusi kutoka wodini. Mfuko mweusi, kama mjuavyo au msivyojua, ni wa taka za kawaida: karatasi, maganda ya ndizi. Mfuko wa manjano ni wa taka zenye kuambukiza, mwekundu ni wa zile za hatari zaidi, na sindano haziingii mfuko wowote. Huingia katika sanduku gumu la sindano, nalo hufungwa likijaa robo tatu. Lakini mtu alikuwa ametupa sindano katika mfuko mweusi. Ikamdunga mama juu ya goti, kupitia gauni.

Alimwambia msimamizi wake. Akaambiwa, "Osha na jiki, endelea." Akaosha na jiki, akaendelea. Kwa nini hakusema zaidi? Alituambia mwenyewe: alikuwa na karo ya mtoto ya kulipa, na kibarua mwenye maneno mengi haitwi tena Jumatatu. Alikaa na siri hiyo mpaka Alhamisi, siku ya kikundi, akamnong'onezea mweka hazina. Tulipofika sisi, siku tano zilikuwa zimepita.

Siku tano ni nyingi mno. Kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya mtu kudungwa, wauguzi huziita PEP. Zinafaa zikianzwa mapema, ikiwezekana katika saa chache za kwanza, na zikichelewa kupita saa 72 hazianzishwi tena. Humezwa kwa siku 28. Katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo, katika sehemu ile inayoitwa CCC, na usiku au Jumapili mtu huenda kajualiti. Yule mama alikuwa akifanya kazi mita chache tu kutoka kwenye dawa zenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Tuseme wazi jinsi hatari ilivyo, maana woga usio na kipimo nao huumiza. Mtu akidungwa na sindano iliyotoka kwa mwenye virusi vya UKIMWI, wanaoambukizwa ni kama 3 katika kila 1000. Kwa hivyo kudungwa si hukumu ya kifo. Lakini homa ya ini aina ya B ni jambo jingine kabisa. Kwa mtu ambaye hajachanjwa inaweza kufika 30 katika kila 100. Watu hulala macho wakiogopa UKIMWI, kumbe iliyo karibu zaidi ni hii ya ini. Nayo ina chanjo! Ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Mwulize binti yako leo jioni kama amepata zote tatu. Wengi hupata ya kwanza, wakasahau zilizobaki.

Na jiki? Tuiache. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Halikamuliwi, halinyonywi, halitiwi dawa ya kufulia. Damu ikiruka machoni, ni maji safi mengi. Halafu mtu aende akaonwe, na aseme kwa sauti: "Nimedungwa kazini." Neno "kazini" ni muhimu, na sasa tutaeleza kwa nini.

Zamani Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda, iliyoanza kutumika 1951. Jina lenyewe linaonyesha ilikuwa ikifikiria nani: watu wa mashine na moshi. Mwaka 1990 ndipo ikaongezewa maneno "na mahali pengine pa kazi". Halafu 2007 zikaja sheria mbili mpya. Moja ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nyingine ni Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, ambayo wengi huiita WIBA. Ile ya kwanza inamfunga mwenye mahali pa kazi alinde watu wote wanaofanya kazi pale. Tafadhali sikieni hilo: wote wanaofanya kazi pale. Hospitali haiwezi kusema, "Huyu si wetu, ni wa kampuni ya usafi." Kampuni ina wajibu wake kama mwajiri, na hospitali ina wake kama mwenye mahali. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wakae ndani yake. Ukaguzi wa usalama hufanywa angalau mara moja kila miezi 12. Na sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika kwamba mahali fulani ni hatari. Tunajua, tunajua, kibarua hafukuzwi, ila haitwi tu. Ndiyo sababu tunataka malalamiko yaandikwe na yapelekwe na zaidi ya mtu mmoja.

WIBA nayo ina tarehe zake. Aliyeumia amjulishe mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi, nasi tunasema maandishi. Mwajiri akishajua, ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ikiwa mtu amekufa, ni saa 24. Dai la fidia lipelekwe kabla miezi 12 haijaisha tangu siku ya ajali. Na jambo moja limewapotezea watu wengi pesa: kukimbilia wakili kwanza. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hii ni halali, na inataka dai lianzie kwa Mkurugenzi. Korti inakuja baadaye, kama hukuridhika.

Mkurugenzi yuko Nairobi, lakini ana maofisa wake katika kaunti. Kwetu, mtu huenda afisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini mjini Nyeri, chini ya Wizara ya Kazi. Usipoiona, uliza afisi ya leba, watakuonyesha. Huhitaji wakili wala mjomba mkubwa serikalini ili uingie pale. Nenda na kitambulisho, karatasi ya matibabu, na barua yako iliyoandikwa tarehe. Barua isiwe ndefu. Iseme siku gani, saa ngapi, wodi gani, ulikuwa ukifanya nini, nani aliona, na ulimwambia nani. Ofisa ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua, hata hospitali.

Ndani ya hospitali yenyewe, ulizeni kuhusu kamati ya kuzuia maambukizi. Hospitali nyingi zina muuguzi aliyepewa kazi hiyo, na mara nyingi ni mtu mzuri aliyechoka kwa kusema bila kusikilizwa. Mkimwendea mtamfurahisha. Wauguzi wana chama chao, madaktari wana chao, na maofisa wa kliniki pia. Wafagiaji, wapishi na wafuaji wengi hufikiri hawana. Wanacho, kinaitwa KUDHEIHA, na hospitali ni sehemu ya jina lake. Na anayetaka kusoma, Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani walitoa pamoja mwaka 2014 kitabu kinachoitwa HealthWISE, cha kusaidia hospitali kujirekebisha zenyewe hata kwa pesa kidogo: sindano, kuinua wagonjwa bila kuvunja mgongo, fujo na matusi wodini, zamu za usiku. Ni cha bure. Kijana mwenye simu anaweza kukitafuta, pamoja na sheria zenyewe katika tovuti ya Kenya Law. Msimwachie peke yake kusoma, kaeni naye.

Sasa kuna jambo tunaloliona kila Julai, nalo halihitaji kitabu. Ninyi mnaijua baridi yetu ya Julai. Katika wodi na vyumba vya kungojea, madirisha yote hufungwa, watu wakabanana, mmoja anakohoa. Kifua kikuu kinapenda chumba hicho kuliko kingine chochote. Dirisha lililofunguliwa ni kinga, na halina bei. Ile barakoa nyembamba ya bluu humzuia anayekohoa asirushe matone, lakini haimlindi vizuri muuguzi anayekaa na mgonjwa wa kifua kikuu. Yeye anahitaji ile nene inayoshika uso, iitwayo N95. Wahamasishaji wa afya wa jamii walio kati yenu, mnaoingia nyumba za wagonjwa, nanyi pia mnahusika. Ongeeni na mgonjwa nje juani, ikiwezekana. Si kumdharau.

Hapa Nyeri hatuwezi kusema haya bila kumkumbuka Sista Irene Stefani, ambaye wazee wa Gikondi walimwita Nyaatha. Alikuja kutoka Italia mwaka 1915, akawauguza wapagazi wa vita, baadaye akafanya kazi Gikondi. Mwaka 1930 alimhudumia mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Wengi wenu mlikuwapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015 alipotangazwa Mwenye Heri. Tunamheshimu. Lakini tumesikia mfano wake ukitumiwa vibaya, ati "kazi hii ni wito, vumilieni." Wakati wa Sista Irene, dawa ya kuponya tauni haikuwapo. Msimamizi wa leo ambaye amefungia glavu stoo hawezi kujificha nyuma ya rosari yake. Desemba 2020, wakati wa korona, wauguzi na maofisa wa kliniki waligoma wakidai vifaa vya kinga na bima. Kuna waliowaona kuwa hawana huruma. Sisi tulikuwa tukihudhuria mazishi, na hatukuweza kuwalaumu.

Baada ya maneno haya mzee mmoja aliuliza kuhusu mjukuu wake anayesomea uuguzi, ambaye bado si mwajiriwa. Swali zuri. Sheria ya fidia inamtaja mwanagenzi, lakini mwanafunzi aliyetumwa na chuo anaweza kujikuta kati ya chuo na hospitali, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Kwa hivyo familia iulize chuo kabla hajaingia wodini: amechanjwa homa ya ini? Akidungwa, nani analipa? Jibu litolewe kwa maandishi.

Mtu mwingine akauliza habari za yule mama. Siku ile ya Alhamisi katibu wa kikundi aliandika barua palepale, mwenyekiti na mweka hazina wakatia sahihi kama mashahidi wa alichokisema. Kesho yake wakaenda naye watatu hospitalini. PEP ilikuwa imempita. Alipimwa damu, akaanza chanjo ya ini, akaambiwa arudi kupimwa tena. Kikundi kilimkopesha nauli na pesa za siku alizokosa kazi. Barua moja ilienda kwa kampuni, nakala ikapelekwa Nyeri. Kampuni ilijibu baada ya nakala kufika Nyeri, si kabla. Ilirudisha gharama zake, na siku hizi wafagiaji wake wana glavu nene na gambuti. Miezi ile ya kungoja majibu hakulala vizuri, hata akiwa shambani alikuwa akisimama tu na jembe. Majibu ya mwisho yalikuwa safi. Chanjo ya tatu aliipata, na kadi yake imo ndani ya kisanduku cha kikundi, pamoja na nakala ya barua.